Maziwa Yasikatike Bila Ruhusa Yako

Maziwa ya jana jioni kutoka Butiama yakichanganywa alfajiri na ya leo asubuhi, yakafungwa kwenye dumu nyuma ya bodaboda na kufika Nyasho mjini Musoma saa nne, yanaweza kukatika kwenye sufuria yako kabla hayajachemka. Lawama humwangukia aliyeyaleta: ametia maji huyu. Lakini maji hayakatishi maziwa. Kilichoyakatisha ni uchachu ulioingia njiani, mdogo kiasi kwamba ulimi haukuutambua, ukaja kukutana na moto wako. Mwongozo huu ni wako wewe unayeuza maziwa, mtindi au chai Musoma, Bunda au Butiama, na unataka uamue mwenyewe yagande lini na yasigande lini.

Kwanza tuone kilichomo ndani. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini zipatazo gramu 33, na karibu asilimia 80 ya hizo ni kaseini. Kaseini hukaa katika punje ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zilizoshikamanishwa kwa ndani na madini ya kalsiamu na fosfeti. Nje, kila punje imebeba chaji hasi. Kwa kuwa zote zina chaji ya aina moja, zinasukumana kama sumaku mbili zilizogeuziana upande uleule, na ndiyo maana maziwa mazima hubaki kimiminika hata yakichemka mpaka yakafurika.

Uchachu hupimwa kwa pH. Maji safi yana 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyopanda. Maziwa yaliyotoka kwenye kiwele sasa hivi huwa na pH kati ya 6.6 na 6.8. Bakteria wakipata joto na muda hula laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inayeyusha kalsiamu iliyozishika punje, na inazifutia ile chaji ya nje. pH ikifika 4.6, chaji hasi na chanya za kaseini zimelingana, hakuna tena cha kuzitenganisha punje, nazo zinashikana. Hapo una mtindi.

Hasara za wauzaji hutokea katikati, kati ya 6.7 na 4.6. Maziwa ambayo pH yake imeanza kushuka yakiwa ya baridi yanamiminika vizuri tu, na wengi watayanywa bila kukunja uso. Yabandike jikoni na yanaweza kukatika, kwa sababu moto huzigonganisha punje kwa nguvu na zile zilizopungukiwa chaji haziwezi kukwepana. Moto peke yake maziwa yanauvumilia. Uchachu kidogo peke yake pia yanauvumilia. Vikikutana ndipo unapopoteza lita 20 asubuhi moja.

Pima kabla hujalipa

Wanunuzi wengi mjini wana laktomita na wanaiamini kupita kiasi. Laktomita hupima uzito wa maziwa yakilinganishwa na maji. Itakufichulia aliyetia maji, lakini juu ya uchachu haina la kusema. Maziwa yanaweza kupita laktomita vizuri kabisa yakakatika nusu saa baadaye.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chota maziwa kidogo kutoka kila dumu, yachemshe peke yake kwenye kijiko kikubwa cha chuma au kikombe kidogo cha bati, uyaangalie. Yakitoa chembechembe, dumu hilo usilimimine kwenye pipa lako. Rudia kwa kila dumu. Kupima baada ya kuchanganya yote ni kupima hasara.

Kipimo hicho kina kasoro moja: kinakuambia kuwa maziwa yameshaharibika kwa moto, hakikuambii kuwa yanakaribia. Ukitaka kujua mapema tumia spiriti, yaani ethanoli ya asilimia 70, ile ya majimaji na siyo jeli ya kunawia mikono. Changanya kijiko kimoja cha maziwa na kijiko kimoja cha spiriti kwenye glasi safi, izungushe taratibu, kisha iinamishe. Maziwa mazima huteleza kwenye glasi bila kuacha alama. Yaliyoanza kuchacha huacha chembe nyeupe ukutani. Spiriti huzinyima punje maji yanayozizunguka, hivyo zile ambazo chaji imeshapungua hukosa kinga ya mwisho na kushikana palepale. Maziwa yaliyofeli spiriti lakini yakapita moto bado yana kazi: yatumie leo, tena mapema, kwa mtindi. Usiyapeleke safari ya kutoka Bunda hadi Musoma. Glasi ya kipimo umwage, asije mtoto akainywa.

Kuna maziwa yanayofeli vipimo hivi bila kuwa yamechacha. Dang'a, yaani maziwa ya siku za kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, ina protini nyingi za kinga ambazo huganda kwa moto hata kama imekamuliwa dakika tano zilizopita. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele nayo hubadilika chumvi zake, yakaweza kuganda kwenye spiriti. Kwa hiyo dumu likifeli, muulize mfugaji kwa upole kuhusu ng'ombe wake kabla hujamtuhumu. Mfugaji mwaminifu aliyesingiziwa mbele za watu hakuletei tena maziwa, na hapo utakuwa umepoteza zaidi ya dumu moja.

Dumu lenyewe ni tatizo. Plastiki iliyokwaruzwa ndani huficha mabaki ambayo brashi haiyafikii, na mabaki hayo ni bakteria waliokwisha kuzoea maziwa. Keni ya alumini yenye mdomo mpana inayoingiza mkono ni ghali, lakini huwa inalipa. Ukiwa huna, basi walau maziwa ya jioni na ya asubuhi yasikae chombo kimoja. Ya jioni yaliyolala bila ubaridi yameshakuwa na bakteria wengi. Ukiyamimina kwenye ya asubuhi unakuwa umeyapandia mbegu. Yabebe mbalimbali, uyapime mbalimbali, na ya jioni uyaweke kwenye mtindi.

Wapo wanaotia magadi, au ile soda ya kuumulia maandazi, kwenye maziwa yaliyoanza kuchacha ili yasikatike. Kikemia inafanya kazi: pH inapanda, chaji inarudi, maziwa yanachemka bila chembe. Lakini bakteria wote bado wamo, na wanaendelea kuzaliana katika maziwa ambayo sasa hayana uchachu wa kuwazuia wale wabaya zaidi. Mnunuzi ananunua maziwa yaliyozeeka yakiwa yamevaa sura ya maziwa mapya. Huo ni udanganyifu, na kwa mtoto mdogo ni hatari. Karatasi za kupima pH huwagundua: maziwa yanayoonyesha 7 au zaidi ya hapo hayakutoka hivyo kwa ng'ombe mzima. Mwaka 2004 Tanzania ilitunga sheria ya tasnia ya maziwa na kuunda Bodi ya Maziwa, kwa hiyo anayekamatwa na mchezo huu asiseme alidhani ni mambo ya jikoni tu.

Mtindi: uchachu unaoutaka

Katika nyumba za Wakurya na majirani zao mtindi umekuwa ukilala kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na ladha ile ya moshi ina wapenzi ambao hakuna kikombe cha dukani kitakachowaridhisha. Sina ugomvi na kibuyu. Ugomvi wangu ni na maziwa mabichi. Vimelea vya brusela, vinavyowapa watu homa za kurudirudi na maumivu ya viungo, huweza kuhimili uchachu wa mtindi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo hata kama utamalizia kwenye kibuyu, pitisha kwanza kwenye moto.

Moto huo una faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Pamoja na kaseini, maziwa yana protini za majimaji, na hizi zina tabia tofauti: uchachu peke yake hauzigandishi, joto la kuanzia nyuzi 70 hivi ndilo linalozikunjua. Zikishakunjuka hujibandika kwenye punje za kaseini. Ukija uchachu baadaye, punje zilizovikwa hivyo hufuma wavu mnene unaoshika maji vizuri. Ndiyo maana mtindi wa maziwa yaliyochemshwa hukatika kwa kijiko kama unavyotaka, na ule wa maziwa mabichi huwa mwepesi na hutoa maji haraka.

Fanya hivi. Chuja maziwa yaliyopita vipimo, yapashe hadi nyuzi 85 au 90 na uyaache katika joto hilo dakika 10 hadi 15 ukikoroga. Usisubiri nyuzi 100: Musoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yapoze haraka kwa kukalisha sufuria ndani ya beseni la maji, ukibadilisha maji yanapopata joto, mpaka yafike nyuzi 25 hadi 30. Kipimajoto kinunue, lakini siku kikivunjika tumia kifundo cha mkono upande wa ndani: ukigusa sufuria usisikie moto wala baridi, umefika.

Tia mtindi wa kuanzishia, vijiko vikubwa viwili kwa kila lita, uliochotwa katikati ya mtindi wa jana ulio mzuri. Wa juu uache, hewa na mavumbi vimeshaupitia. Koroga vizuri, funika, weka mahali patulivu. Kwa joto la Musoma utaganda ndani ya saa 16 hadi 20. Butiama, ambako mwinuko ni mkubwa zaidi na usiku hupoa, upe muda zaidi na usiuharakishe kwa kuusogeza jikoni.

Baada ya hapo, kazi yako kubwa ni kutougusa. pH inaposhuka kufikia 5.2 hivi wavu huanza kufumwa, na haujakomaa mpaka karibu na 4.6. Ukitikisa chombo, ukakihamisha, au ukafunua na kukoroga ili uone kama tayari, unazikata nyuzi zikiwa mbichi. Hazitajirudishia, na maji yatajitenga juu. Wauzaji wengi wanaolalamika kuwa mtindi wao una maji huwa wameusumbua katika saa hizo. Ukitaka kujua kama umeiva, inamisha chombo kidogo tu: ukibanduka ukingoni kwa pamoja, uko tayari.

Kisha usiuache pale. Bakteria hawajui kwamba umeridhika. Wataendelea kutoa asidi mpaka pH ya 4 au chini ya hapo, wavu utajikaza na kukamua maji yake, na ladha itakuwa kali ya kuumiza meno. Uingize kwenye friji ukiwa 4.5 hivi, na ukoroge ukiwa umeshapoa. Aliyeko kijijini bila friji apange muda wake kwa kurudi nyuma: mnada ukiwa saa tatu asubuhi, maziwa yatiwe mtindi mchana wa jana yake, yasitiwe asubuhi.

Mtindi wa kuanzishia ukiurudia wiki baada ya wiki hubadilika, kwa sababu bakteria wa mazingira hujipenyeza. Ukiona umeanza kuvuta kama ute, au una mapovu na harufu ya hamira, uache na uanze upya kwa mtindi mzuri wa kiwandani usio na vionjo wala sukari. Ule uliopashwa moto baada ya kuganda hautafaa, bakteria wake wamekufa. Soma karatasi yake.

Ndimu kwenye sufuria ya moto

Kuna siku utataka uchachu na moto vikutane kusudi, na ndivyo unavyopata jibini laini isiyohitaji dawa ya kugandishia. Pasha maziwa mazima hadi nyuzi 90, epua, kisha mimina maji ya ndimu yaliyochujwa, vijiko viwili au vitatu vikubwa kwa lita, kidogokidogo ukikoroga taratibu mara chache tu. Acha kumimina mara unapoona majimaji ya kijani-njano yamejitenga. Ndimu ya ziada huifanya jibini iwe chachu na ya kubomokabomoka. Iache dakika kumi, chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, ning'iniza au ikandamize kwa uzito. Lita 10 hukupa kilo moja na zaidi, kutegemea mafuta ya maziwa. Hapa protini zote mbili zimeshuka pamoja, kaseini kwa ajili ya uchachu na zile za majimaji kwa ajili ya moto, kwa hiyo hupotezi nyingi. Majimaji yanayobaki yapikie uji.

Lakini usijaribu kuokoa maziwa mabovu kwa njia hii. Yaliyokatika yenyewe jikoni yana bakteria ambao huwajui.

Chai na ukwaju

Muuza chai wa stendi ya Bunda anajua kuwa tangawizi mbichi ikitiwa kwenye maziwa inaweza kuyakatisha, naye huilaumu kuwa ni chachu. Si uchachu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachozikata protini za maziwa vipandevipande. Moto hukiua. Kwa hiyo ponda tangawizi, ichemshe kwanza na maji na majani dakika kadhaa, ndipo umimine maziwa. Kwa mpangilio huo huo sukari guru, ambayo mara nyingi ina uchachu wake, iongeze mwishoni sufuria ikiwa imeepuliwa.

Ukwaju, ndimu na pasheni ni habari nyingine. Zimiminie kwenye maziwa na pH itapita katika ile sehemu mbaya kwa ghafla, punje zitashikana ovyo na utapata mabonge yanayozama. Viwanda hutumia pektini, nyuzinyuzi za matunda zinazozivalisha punje chaji mpya ili zisishikane. Nyumbani njia nyepesi ni kuutia ukwaju kwenye mtindi, usiutie kwenye maziwa. Mtindi umeshavuka daraja. Kaseini yake imeshaganda kwa utaratibu, na uchachu wa ziada hauwezi kuiharibu sana. Chemsha ukwaju na sukari mpaka uwe mzito, uache upoe kabisa, kisha uukoroge kwenye mtindi baridi na uuze siku hiyo hiyo.

Utamu usiotokana na sukari

Mtindi wa kuuza mjini hulewa sukari, na wateja wenye kisukari wameanza kuuliza. Siku hizi kuna kiongeza utamu ambacho chenyewe ni protini, thaumatini, kutoka kwenye tunda la katemfe la misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Kwa uzito ni tamu mara elfu mbili hadi tatu kuliko sukari, na kwenye karatasi za vyakula huandikwa E957. Nimeitaja kwa sababu inaenda kinyume na kila nililosema kuhusu kaseini, na aliyezoea maziwa ataiharibu.

Thaumatini ina chaji chanya nyingi, na kwenye uchachu huwa nayo zaidi. Molekuli zake zinasukumana vizuri katika pH ya 4, na ndani zimefungwa kwa vifungo vinane vya salfa. Katika uchachu huo huvumilia joto la nyuzi 80 kwa saa kadhaa bila kupoteza utamu. Ipeleke kwenye kimiminika kisicho na uchachu, pH ya 7, uipashe kupita nyuzi 70, na mambo hugeuka: vifungo vya salfa huachana na kushikana na vya jirani, molekuli zinaganda pamoja, na utamu unapotea kabisa. Hivyo ukwaju ni rafiki yake na chai ya maziwa inayochemka ni adui yake.

Si protini zote tamu zilizo hivyo. Brazeini, nayo kutoka misitu hiyo hiyo, ni ndogo na imebanwa sana, na huhimili hata karibu na kuchemka. Monelini ina minyororo miwili isiyofungwa kwa salfa, na ikipashwa kupita nyuzi 50 kwenye uchachu hulegea ikaacha kuwa tamu. Hata ute wa yai la kuku una protini iitwayo lisozaimu ambayo ikitengwa ikawa safi ina utamu, ingawa hakuna atakayeionja ndani ya yai lenye protini nyingine tele.

Ukiipata thaumatini halisi, iyeyushe kwenye maji baridi kidogo, uiongeze kwenye mtindi uliokwisha kuganda na kupoa. Anza na kiasi cha ncha ya kisu kwa ndoo nzima na uonje baada ya dakika moja, kwa sababu utamu wake huchelewa kufika na hukaa mdomoni muda mrefu. Haitoi uzito ule wa sukari ulimini, kwa hiyo mtindi utakaouwekea uwe mzito tangu mwanzo. Na mteja mwenye kisukari mwambie wazi kuwa laktosi ya maziwa bado imo, imepungua tu.